Alama za Sinema Zangu na Chai ya Mama

Nilipata D+ katika mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku ile nimekuwa nikingoja zamu yangu ya kumsahihisha mtu. Zamu ilinijia nikiwa na miaka arobaini na ushei, nimekaa sakafuni kwangu Uthiru, kalamu nyekundu mkononi, maboksi matatu ya diski za sinema yakinitazama kama darasa lisilosoma.

Maboksi hayo, ukimsikiliza mke wangu, yalizaliana yenyewe. Ukweli ni kwamba mimi hutengeneza saa na kuchonga funguo chini ya ngazi za jengo moja katikati ya jiji. Tuko wawili pale: leo mimi, kesho mwenzangu, kwa sababu nafasi yenyewe haitoshi matumbo mawili. Juu yetu palikuwa na duka la sinema. Watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu, mwenye duka alifunga, akaniteremshia masalio yake akisema, "Chukua, ni wewe peke yako uliyewahi kurudi kuuliza kama kuna sehemu ya pili." Nilikuwa na zangu tayari. Zikaungana, zikawa diski mia mbili themanini na sita.

Na mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana timu, wana vyama, wana vilima wanavyopanda Jumamosi halafu wanakuja kutuonyesha picha. Mimi nina kiti. Mke wangu, ambaye hupikia familia moja kule Spring Valley, husema siku akifika asinikute kwenye kile kiti atatangaza msiba kwanza, maswali baadaye.

Basi kilichonifanya niwe msahihishaji ni macho ya Mama. Mama anakaa nyumbani kwetu magharibi, na mtoto wa jicho alikuwa amelifunga jicho lake la kushoto kabisa, la kulia linafuata. Mwaka uliotangulia tulimpatia siku ya upasuaji hapa Nairobi. Alikuja, akakaa siku tisa, akachoka. Zikiwa zimebaki siku mbili tu aende hospitali, tuliamka tukamkuta amefunga mzigo, amevaa viatu. Alisema kuku wake hawamjui jirani. Akaenda. Safari hii daktari alituambia bila kuzunguka: akingoja mwaka mwingine, hatuahidi chochote. Kwanza ashushe presha, awe anapimwa kila wiki, na baada ya wiki tano apasuliwe. Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa moja: Mama akae Nairobi wiki tano bila kuvaa viatu asubuhi.

Sasa, kwetu mzazi halali kwenye kitanda cha mwanawe, hata umtandikie shuka mpya na kumwapia. Chumba chetu cha kulala hakikuwa cha kuzungumziwa. Mama alihitaji kitanda chake sebuleni, na sebule yetu ina kona moja tu ya kutosha kitanda, na kona hiyo ilikuwa na wapangaji.

"Boksi moja litaingia chini ya kitanda," mke wangu alisema, akipima kwa mkono. "Mawili yaende."

"Yaende wapi?"

"Mimi nijue? Chagua mwenyewe. Na uchague kwa haki, mzee, sio kubakisha zile zote za watu wanapigana kwa mvua."

Hapo ndipo nilipoingia duka la vitabu nikanunua daftari la mraba.

Jaribio la kwanza lilikuwa alama juu ya kumi. Nilitazama sinema sita siku ya mapumziko yangu, na zote zikapata saba. Ile nzuri nilisita kuipa nane, nikasema je, kukitokea nzuri zaidi? Ile mbaya nilitaka kuipa mbili, nikamfikiria mtu fulani huko kwao aliyeamka alfajiri kuwapaka waigizaji damu ya bandia, moyo ukakataa. Kumbe mimi ni yule mwalimu anayewapa wote saba ili mzazi yeyote asije shuleni.

Nikaanza upya, nikafuata utaratibu wa mitihani yetu, A mpaka E. Kila sinema ilifanya masomo matano: hadithi, waigizaji, picha, sauti, na mwisho. Kila somo alama ishirini. Nikajiwekea sheria kwenye ukurasa wa kwanza. Sisahihishi nikiwa na njaa, maana siku moja sinema yenye karamu ndefu ilipata A ya nyama. Siongezi alama kwa sababu mwigizaji wa kike amefanana na mtu niliyemjua kabla ya ndoa. Kila mtahiniwa anatazamwa tena nusu saa ya mwanzo na dakika kumi za mwisho, hata kama nakumbuka. Diski inayokwama katikati inapata X, kama mtoto ambaye hakufika chumba cha mtihani. Diski yenye jambazi kwenye jalada na harusi ndani inapata Y, yaani udanganyifu, matokeo yamefutwa.

Mke wangu alilichukua daftari akalisoma amesimama, bado na mkoba begani.

"Kwa hivyo mwenye D+ ndiye amekuwa mkuu wa mitihani?"

"Ndiyo maana najua uchungu wao."

"Na hii ya wimbo umeipa hamsini na nne na nusu. Hiyo nusu ni ya nini?"

"Ni ya ule mlango. Alifunga mlango vizuri."

Aliniangalia vile anavyoangalia wali ulioshika chini ya sufuria. Lakini mimi nilikuwa nimefurahi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mfumo.

Mfumo ulipata mtihani wake ulipofika kwenye sinema za madijei. Kwa yule ambaye hajakaa Nairobi: kuna madijei ambao huchukua sinema ya nje, ya Wachina au ya Wahindi, na kuisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili cha mtaani. Hatafsiri, anasimulia. Mwigizaji akilia msibani, dijei anasema analilia shamba. Jambazi mkuu anaitwa mzee wa nyumba kumi. Gari likipinduka Hong Kong, linapindukia Kawangware. Na kila baada ya dakika kumi anataja jina lake mwenyewe ili usimsahau.

Nilikuwa nazo arobaini na moja. Nilikaa nazo jioni mbili nikikuna kichwa. Picha: imefifia, imerekodiwa mara ya nne, watu wana rangi ya uji. Waigizaji: sauti zao huzisikii. Hadithi: hadithi ya nani? Nikisema ni nzuri, nimempa alama nani, aliyeitunga au huyu anayepiga kelele juu yake? Mwishowe niliona haki ni moja. Sinema inasahihishwa kwa kazi ya walioitengeneza, na dijei ni mtu aliyeingia chumba cha mtihani kumsaidia mtahiniwa. Y. Zote arobaini na moja, Y, kwa wino mwekundu, na nilijisikia msafi kama mtu aliyekataa hongo.

Hizo zikatangulia kuondoka, pamoja na kila kilichopata chini ya C. Nilizipeleka kwa kinyozi wangu hapo karibu na barabara, ambaye ana runinga ya kuwaburudisha wanaosubiri. Alifungua boksi, akaona za madijei, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

"Nina uhakika. Hazikupita."

"Hazikupita nini, buda?"

"Mtihani."

Alicheka mpaka mashine ikamkatia mteja njia mahali ambapo hakuiomba.

Mama akaja. Kitanda kikakaa kwenye kona, na chini yake boksi moja la waliofaulu, A mpaka C, vichwa vya nchi. Siku ya kwanza nilimwekea ile iliyoongoza, iliyopata themanini na tisa. Ni sinema ya upepo, uwanda na watu wawili wasiozungumza sana. Maneno machache yaliyopo yameandikwa chini ya picha, kwa hivyo nilimsomea.

"Sasa wanafanya nini?" Mama aliuliza.

"Wamekaa, Mama."

Upepo ukavuma.

"Na sasa?"

"Bado wamekaa."

"Hawana shamba?"

Nilijaribu kueleza ule upepo. Alisikiliza kwa heshima, kichwa kikiwa kimeelekezwa dirishani, ambako jirani alikuwa akigombana na muuza maji, na nikaona wazi mgogoro uliokuwa ukimvutia. Siku ya pili nilimwekea iliyofuata, themanini na sita. Siku ya tatu akaniambia, "Baba, wewe unasoma kama karani wa korti. Mtu amekufa, unasema 'amekufa'. Hivyo tu?" Mwisho wa wiki ya pili nilisikia akimwambia mke wangu jikoni kwamba amesikia kuna gari la Jumapili asubuhi, na kwamba jicho moja linamtosha mtu kuona kuku.

Mke wangu alinivuta chumbani. "Anaenda. Nakwambia anaenda. Fanya kitu."

"Nifanye nini? Nimempa A zote."

"Basi A zako zimelala."

Jumamosi hiyo nilitaka kunyolewa, na kwa kuwa Mama alikuwa amechoka kukaa ndani, nilimshika mkono tukaenda naye polepole. Mke wangu alimfungashia chai yake kwenye thamosi na kikombe chake cha bati, kwa sababu Mama hanywi chai ya kikombe cha watu. Kinyozi alimpisha kiti kizuri, kile chenye mto.

"Karibu, shosho."

"Mimi si shosho, mimi ni kukhu. Kwetu bibi anaitwa hivyo. Shosho ni wa huko kwenu."

"Pole, kukhu. Kaa, unasumbuka bure."

Runinga ilikuwa inanguruma. Nilipoketi kwenye kiti cha kunyolea nilimwona kwenye kioo, nyuma yangu, akijimiminia chai. Dijei alikuwa anasimulia mtu wa mguu mmoja aliyekuwa akiwatafuta majambazi waliomwibia baba yake ng'ombe. Kwenye picha, naapa, hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Palikuwa na hekalu na watu wenye mapanga. Lakini Mama haoni hekalu. Mama alisikia ng'ombe. Na huyo dijei alijua kulalamika kuhusu ng'ombe kama mtu ambaye amewahi kuamka akakuta zizi tupu.

"Haiya! Wamempitisha wapi?" Mama alimuuliza mtu aliyekaa karibu naye.

"Wamemvusha mto, kukhu."

"Kwa mto watapatikana. Ng'ombe anaacha alama."

Na dijei, kama aliyemsikia, akasema: mtu wetu ameinama, ameona alama. Mama alipiga paja lake akacheka, na wote waliokuwa wakisubiri wakacheka naye. Nilinyolewa nikamalizwa. Nikamwambia twende. Akaniambia nimngojee, mtu wa mguu mmoja bado hajafika nyumbani. Nikangoja. Alipomaliza, aliinua kikombe akakirudisha palepale.

"Imepoa," alisema, akishangaa. "Imefanya utando na sijakunywa. Huyu anayeongea ni nani? Na hii sinema wameipata wapi?"

Kinyozi alinitazama kwenye kioo. Nilitazama nywele zangu sakafuni.

"Ni zake, kukhu," kinyozi akasema, akininyooshea kitana. "Zilianguka mtihani."

Sikumwona Mama akinitazama, maana hakuwa na jicho la kunitazamia, lakini niliusikia mtazamo huo mpaka kwenye shingo iliyotoka kunyolewa.

Nilimvuta kinyozi kando nikamwambia nimekosea, nirudishie lile boksi. Akakataa. Alisema tangu alipoanza kuziweka, kuna watu wanakuja wakiwa hawana hata nywele. Nikampa ombi la kubadilishana: nimletee A zangu. Akaniuliza kama nataka wateja wake walale, yeye hajui kumnyoa mtu aliyelala. Nikamweleza kuhusu jicho, siku tisa za mwaka uliopita, viatu vya asubuhi, na gari la Jumapili, ambayo ilikuwa kesho. Akazima mashine.

"Sikiza," akasema. "Nitakupa tano tano. Ukirudisha tano unachukua tano. Lakini kukhu aniambie gani ni kali, ndio nijue ya kuweka Jumamosi watu wakijaa. Na aniambie yeye, sio wewe na hizo nusu zako."

Jioni ile Mama alimaliza sinema mbili. Jumapili alienda kanisani na sisi, akarudi, akavua viatu, akaagiza ya tatu.

Hivyo ndivyo nilivyoshushwa cheo kutoka mkuu wa mitihani hadi karani. Kwa sababu kinyozi alitaka alama, na Mama hakukubali masomo yangu matano. Picha? Haimhusu. Waigizaji? Ni mtu mmoja tu anayeongea. Alisema yeye ana kipimo kimoja. Anamiminiwa chai kikombe kimoja, sinema inaanza. Akimaliza chai ikiwa moto, sinema haina kitu. Akiimaliza vuguvugu, inajaribu. Akiisahau ikapoa, ni nzuri. Ikifanya utando, hiyo iwekwe Jumamosi.

Nilipinga. Ndiyo, nilipinga, niko hivyo. Nilimwambia kipimo hicho hakina haki, Uthiru mwezi wa saba ni baridi, chai inapoa yenyewe, sinema itapewa alama za hali ya hewa. Akapuliza chai yake, nikadhani nimemshinda.

"Basi funga dirisha," akasema.

Tukafunga dirisha. Kikombe kilikuwa kilekile, thamosi ileile, maziwa yaleyale, na mtahini hakuona jalada wala hakujua sinema imetoka nchi gani. Nilikaa na daftari langu magotini nikijaribu kutafuta upendeleo ulikojificha, sikuupata. Mimi niliyejikataza kusahihisha na njaa sikuwahi kuwaza kusahihisha nimefumba macho. Niliandika nilichoambiwa: vuguvugu, vuguvugu, utando, moto, baridi. Ile ya mtu wa mguu mmoja ilitazamwa mara nne na ikafanya utando mara nne. Moja niliyoipenda mno nilipokuwa kijana aliimaliza ikiwa moto, akaomba kikombe kingine, na hata hicho akakimaliza. Nilitaka kukata rufaa. Mke wangu akaniambia rufaa inasikilizwa jikoni, na kuna vyombo huko vinaningoja.

Wiki ya tatu ikaisha, ya nne ikaisha. Presha ikashuka. Kila mke wangu alipoondoka alfajiri aliangalia viatu vya Mama mlangoni, na kila siku vilikuwa vimekaa vinatazama ukuta, havina safari. Kuku hawakutajwa ila mara moja, na hapo ni kwa sababu dijei alikuwa amemtaja jogoo.

Siku ya upasuaji tulienda naye sote wawili. Aliingia akiwa amenishika mkono, akatoka na bandeji, akiuliza kama kinyozi amepata ile ya bibi harusi aliyetoroka. Kesho yake bandeji ikatolewa. Alikaa kitako kwenye kile kitanda cha kona, akatutazama mmoja mmoja, akamwambia mke wangu amependeza. Mimi akaniambia nimenenepa. Halafu akasema tumwekee mtu wa mguu mmoja, sasa amwone.

Niliweka. Nikammiminia chai. Hekalu likatokea, watu wa rangi ya uji wakaanza kurukaruka.

"Ni yupi?"

"Huyo, Mama. Mwenye nguo nyeupe."

Alimkazia jicho jipya. "Huyu mfupi?"

"Ndiye."

"Na ng'ombe wako wapi?"

Alitazama dakika kama tano, mikono kwenye kikombe, akinywa funda baada ya funda, na nilianza kuogopa. Nikawaza tumempa jicho tukamnyang'anya sinema. Halafu akajiegemeza kwenye mto, akafumba macho yote mawili, lile bovu na lile jema, akakiweka kikombe chini.

"Picha inaharibu," akasema. "Ongeza sauti."

Chai ile iliachwa nusu. Niliandika utando, na pembeni nikaongeza kwamba hiyo ni nusu kikombe, kwa ajili ya haki.

Alirudi nyumbani wiki iliyofuata, kwa gari la Jumapili, akiwa amevaa viatu kwa ruhusa. Jicho la pili litapasuliwa baada ya miezi minne. Hatukumbembeleza arudi; siku alipofika kwake alipiga simu mwenyewe kusema kuku wazima wote, na kwamba nisiwape watu wengine zile za dijei, atakuja, na nimtafutie sehemu ya pili. Boksi la A nimelipandisha juu ya kabati. Kinyozi na mimi bado tunabadilishana tano tano, na kitanda hatujakiondoa kwenye kona.

Juzi nilimchagulia Mama za kumngoja. Nikafunga dirisha, nikajimiminia chai, nikaweka moja ambayo sikumbuki hata kama niliwahi kuifungua kabla ya kuichapa Y. Mke wangu alirudi akanikuta kwenye kiti, msiba haukutangazwa. Alipita nyuma yangu, akatumbukiza kidole kwenye kikombe changu bila hata kuuliza.

"Baridi," akasema. "Andika."

"Ngoja kwanza, wamemfungia mlango."

Akavuta stuli, akakaa, mkoba bado begani.